Mtoto Wako Huyo

Jana mchana Baba Chiku aliota. Aliota akiwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kumwangalia mtoto. Nalisema hilo mapema msije mkamwonea huruma kabla ya wakati.

Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ametoka msikitini, amekula pilau mpaka akalegeza mkanda, amejitupa kwenye sofa. Mama Chiku akamwambia, "Baba Chiku, naenda hapo jirani kusukwa. Tangu Idi kichwa hiki hakijaguswa, naona aibu hata kuvua mtandio. Mwangalie mtoto."

"Namwangalia," akasema Baba Chiku, na kweli alikuwa anamwangalia. Alimwangalia kwa macho yote mawili, halafu kwa moja, halafu kope zikafunga duka.

Sasa mjue, huyu Chiku ana miaka miwili. Kuna maneno mawili anayoyatamka sawasawa, "angu" na "hapana", na hayo yanamtosha kuendesha nyumba nzima. Rimoti ni angu. Sufuria ni angu. Simu ya babake ni angu, na akishaipata huenda kuilaza kwenye ndoo ya maharage yaliyorowekwa. Kandambili ya kushoto ya Baba Chiku ilipotea tangu Ramadhani. Yeye akamshuku shemeji yake, wakanuniana mpaka sikukuu ikapita bila kupeana mkono.

Baba Chiku mwenyewe ni fundi cherehani. Kabla hajapata mtoto, mtaa mzima wa Ngamiani ulimwita Hemedi Njookesho, kwa kuwa hakuna nguo iliyowahi kutoka kwake siku aliyoahidi. Chiku alipozaliwa jina hilo likafa, akawa Baba Chiku, mtu na heshima zake. Jioni barazani, kikombe cha kahawa mkononi, yeye ndiye mwalimu wa malezi. "Mtoto hulelewa kwa jicho, jamani! Unamtupia jicho mara moja, anakaa." Na mwenzake akilalamika kwamba wa kwake analia ovyo, dawa ni moja: "Mtoto akililia wembe, mpe." Wazee wanaitikia, kahawa inaongezwa.

Huko barazani Chiku ni "mwanangu mimi, damu yangu." Nyumbani, uji ukimwagika tu, sauti inafika mpaka barabarani: "Mama Chiku! Njoo umchukue mtoto wako huyu!"

Mama Chiku alishamwambia hadi akachoka. "Wewe mwanamume huna masikio," alimwambia, na hilo nalo hakulisikia.

Basi asubuhi ile, kabla ya swala, alikuwa anafumua zipu ya gauni la mteja. Alifumulia wembe, kama mafundi wote. Gauni akalitupa mezani, na wembe akauacha hapo hapo juu yake, kwenye kimeza kile kifupi ambacho Chiku anakifikia bila hata kuchuchumia. Sasa mtu wa namna hii akilala, ndoto gani nzuri itamjia?

Anaota anatafuta kandambili. Anaingiza mkono kwenye mwanya wa sofa, pale kati ya mito, panapoingia kila kitu na kisitoke. Mkono unazama mpaka kiwiko. Unazama mpaka bega. Huko ndani kuna mtu anaupokea, anausalimia kwa adabu, kisha anauvuta.

Ndani ya sofa kuna mji. Una barabara, una taa, na nyumba zake zimejengwa kwa biskuti zilizotafunwa upande mmoja. Baba Chiku hashangai. Anachokiwaza ni kwamba alinunua sofa hili bila kuambiwa kuwa lina mji, na kwamba yule muuzaji ni mjinga.

Katikati ya mji kuna baraza, na kwenye kiti cha mbele ameketi Kandambili wa Kushoto. Amenenepa. Amevaa joho.

"Shikamoo," anasema Baba Chiku, maana joho ni joho.

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiye Baba nani vile?"

"Baba Chiku. Na wewe nakujua, wewe ni kandambili ya... ya..." Anataka kusema "yangu." Mdomo unatoa kingine. "Wewe ni kandambili yako."

"Sawasawa kabisa," anasema Kandambili. "Mimi ni wangu mwenyewe tangu Ramadhani."

Baba Chiku anajaribu tena, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo. Nyumba yako. Mke wako. Cherehani yako. Jasho linamtoka. Kila anachokigusa kwa ulimi kinakwenda kwa mtu mwingine.

"Usijisumbue," anasema Kandambili. "Neno hilo huna. Tuingie kwenye kesi."

"Kesi gani?"

"Kila unachokitupa huko juu kinadondokea huku kwetu. 'Mtoto wako huyu, mtoto wako huyu.' Kila kukicha tunafagia. Wafagiaji wamegoma. Na kanuni ya mji huu ni moja: kilichokataliwa na mwenyewe ni cha atakayesema changu. Mtoto yule pale."

Kila kitu kimegeuka katika ndoto hii isipokuwa Chiku. Amekaa chini, miguu ameinyoosha, kamasi ni zile zile za asubuhi. Anatia vifungo kwenye chupa kimoja kimoja, akimaliza anavimwaga, anaanza upya.

"Lakini mimi ni baba yake!" anasema Baba Chiku.

"Baba ni cheo," anajibu Kandambili. "Cheo hicho tunakijua, kila jioni tunaletewa sifa zake kutoka barazani. Sisi tunamtaka mwenyewe. Sema 'mtoto wangu', umchukue, sote twende tukale."

Baba Chiku anavuta pumzi. "Mtoto wa... wa... wako."

Baraza linacheka. Mto mmoja wa sofa unacheka mpaka unatoa sufi.

Anasimama Sufuria, mwili mzima mabonde matupu. "Mimi mtoto huyu ananipiga kwa mwiko kila alfajiri," anasema. "Sikatai. Lakini akitaka kunibeba ananishika kwa mikono miwili. Kuna mtu hapa anambeba yeye kwa mkono mmoja, mwingine una simu. Wangu."

Anafuata Rimoti. Hana betri, anaongea kwa kukatikakatika. "Mimi nimeshinda... mdomoni mwake. Kila jino lake... lilipoota nilikuwepo. Huyu bwana mwulizeni... ana meno mangapi."

Baraza lote linamgeukia Baba Chiku. Anatazama juu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye dari.

"Yanatosha," anasema.

"Wangu," anasema Rimoti, na kuzimika.

Watu wanapisha njia. Anaingia Wembe, mwembamba, mpole, amejifunga karatasi yake vizuri mpaka shingoni.

"Asalaam aleikum, fundi mwenzangu," anasema. "Mimi sina maneno mengi. Mimi nina methali."

Baraza linainamisha vichwa. Huko ndani ya sofa methali ndiyo sheria yenyewe.

"Mtoto akililia wembe, mpe," anasema Wembe. "Kila jioni unanitaja mbele ya wazee, nao wanaitikia. Nikasema, huyu bwana ananiahidi mtoto. Nikangoja. Leo umetuacha mezani mimi na yeye, ukalala. Nikajua siku imefika."

"Ile ni methali tu!" anasema Baba Chiku. "Ni maneno ya kupitisha kahawa!"

"Huenda," anasema Wembe. "Lakini mimi si maneno. Mimi ni wembe."

Hapo Baba Chiku anaogopa. Si ule woga wa ndotoni wa kukimbizwa na ng'ombe, la. Ni woga wa kweli. Anaruka mbele, ananyoosha kidole, anapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Usimguse! Huyo ni mtoto wako!"

"Ahsante sana," anasema Wembe, na kuanza kuvua karatasi.

"Ngoja! Sikusema hivyo! Neno la watu liko wapi? Nani kalichukua?"

Kandambili ananyoosha mkanda wake kuelekea kwa Chiku. "Kila chenye 'angu' kiko kwake. Amelificha. Haya, wewe ndiye cheo. Huwa anaficha wapi vitu?"

Baba Chiku hajui. Katika nyumba ile kila kilichofichwa hufichuliwa na Mama Chiku. Yeye kazi yake ni kuuliza kiko wapi.

"Jaribu ofisi ya vilivyopotea," anasema Sufuria kwa dharau. "Geuka nyuma."

Anageuka, na kumbe yuko dukani kwake. Kibao ni kile kile, cherehani ni ile ile. Nyuma ya cherehani limekaa gauni la zambarau lenye mkono mmoja. Analifahamu. Mwenye gauni alilitaka kwa ajili ya harusi yake, na sasa ana mtoto anayetambaa.

"Nimekuja kuchukua neno," anasema Baba Chiku, anahema.

"Lipo," linasema Gauni. "Njoo kesho."

"Mtoto anachukuliwa leo!"

"Kesho asubuhi na mapema, wala usiwe na wasiwasi. Bado vifungo tu."

"Hiyo 'bado vifungo' naijua mimi! Maana yake hujaanza hata kukata!"

"Kama waijua, kaa kwenye benchi."

Kwenye benchi wamekaa wateja wake wote, wale wa sare za shule, wale wa kanzu za maulidi. Wanasogeleana kumpisha, wanampapasa bega kama mgonjwa mwenzao. "Karibu, Hemedi Njookesho," wanasema.

"Mimi naitwa Baba Ch... Baba..." Jina la mtoto halitoki. Anajikohoza. "Baba..."

"Baba nani?" wanamwuliza, kwa upole.

Anatafuta, hapati. Anakaa pale akiwa baba peke yake, kama mlango usio na nyumba. Hapo Baba Chiku akamkumbuka Chiku siku ya kwanza, alipowekwa mikononi mwake akiwa amefungwa khanga, na jinsi alivyotoka hospitali akiwaambia watu asiowajua, "Niiteni Baba Chiku." Alitamani kulia.

Benchi linafunguka katikati kama sofa, anadondoka tena barazani.

Wembe amekwisha kuvua karatasi. Anang'aa. Anatembea kwa ncha, taratibu, kuelekea vilipo vifungo. Chiku anainua kichwa, anakiona kile kinachometameta. Anaitupa chupa.

"Angu!" anasema, mikono mbele, na Wembe anaposita kidogo, Chiku anaangua kilio.

"Mmesikia wenyewe," anasema Wembe. "Mtoto analilia wembe."

"Mpe," linaitikia baraza, vile vile wanavyoitikia wazee.

Baba Chiku anakimbia. Anapiga magoti, anamnyakua mtoto kwa mikono miwili. Ni mzito kuliko alivyodhani.

"Chiku, mama, neno la baba umeliweka wapi?"

"Hapana."

"Nakuomba, mama."

"Hapana."

Hana methali nyingine. Ametafuta kote, methali zote zimekimbilia upande wa Wembe. Basi analia. Analia kwa sauti, mwanamume mzima na masharubu yake, mbele ya sufuria na mito ya sofa.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," ananong'ona mtu nyuma, ameridhika.

Chiku ananyamaza ghafla. Anamtazama babake kama anavyotazama jongoo. Anatoa biskuti mdomoni, anaikagua, halafu anamvuta babake sikio na kuanza kumwambia jambo. Ni jambo refu. Lina mwao ndani yake, lina maji, lina bibi, kisha mwao anarudi tena. Siku nyingine zote Baba Chiku angesema, "Haya, haya, nenda kwa mama." Leo hana pa kumtuma. Anasikiliza. Anasikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe anauelewa: mwao ni paka, na mwao kalowa.

"Maskini mwao," anasema Baba Chiku.

Chiku anaridhika. Anamwingiza kidole sikioni, anachimba.

"Kumbe neno kalificha huko!" anasema Sufuria.

Kandambili anatikisa kichwa kwa heshima. "Mtoto huyu ana akili. Pakavu, pametulia, hapajawahi kutumika. Hata mimi nisingetafuta huko."

Na Wembe yuko hatua moja nyuma yao.

"Wangu!" anapiga kelele Baba Chiku. "Wangu! Mwanangu huyu, tokeni! Tokeni!"

Akazinduka kwa sauti yake mwenyewe.

Feni ilikuwa inazunguka. Sofa lilikuwa sofa. Nyumba ilikuwa kimya, na aliyelea anajua: mtoto akipiga kelele uko salama, akinyamaza ndipo ukimbie. Sikio lake la kulia lilikuwa limeziba, anasikia upande mmoja tu. Akatazama chini: Chiku hayupo. Akatazama mezani: gauni lipo, zipu ipo, wembe haupo.

Yarabi! Alitoka pale mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Chumbani, hayupo. Bafuni, hayupo. Nyuma ya pazia, hayupo. Na mdomoni ana neno moja tu, "mwanangu, mwanangu, mwanangu", na safari hii halikuwa la baraza, maana hapakuwa na wa kumsikia wala kahawa.

Alimkuta jikoni. Amekaa ndani ya beseni la unga, mweupe pe toka utosini hadi kidole cha mguu, sufuria amelivaa kichwani, mwiko mkononi, anapika.

Baba Chiku alimtoa mle kwa mikono miwili. Akamkunjua kiganja, akamkunjua cha pili. Akakagua nyayo. Akampanua mdomo: wembe hamna, ila meno yapo, na akajikuta anayahesabu. Alipofika mwisho akaanza tena, kwa raha tu.

"Kuna wezi?" Mama Chiku alikuwa mlangoni anahema, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine kimetimka, kitana kimening'inia humo humo. "Nimesikia mtu anafukuza watu, 'tokeni, tokeni'..." Halafu akauona unga. Akakunja mikono kifuani. "Haya. Sema tu, baba, usione haya. Najua. Mtoto wangu."

"Wangu," akasema Baba Chiku.

"Ndiyo, si nimeshasema mwenyewe? Wangu. Mlete."

"Hapana. Wangu mimi."

Mama Chiku akamtazama. Tangu azae hajawahi kuona mtu akimgombania mtoto huyu akiwa na unga. "Baba Chiku, lile pilau lilikuwa na nini?"

"Mama Chiku, wembe uko wapi?"

Mama Chiku alinyoosha mkono juu ya fremu ya mlango, akauchomoa. Ulikuwa kwenye karatasi yake, umefungwa vizuri mpaka shingoni.

"Niliuondoa kabla sijatoka," akasema. "Ulidhani nitakuacha humu na wembe na mtoto, na pilau tumboni? Nina watoto wawili katika nyumba hii, Baba Chiku, na huyu mdogo hanitii wasiwasi."

Methali ilimjia Baba Chiku mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Rudi ukamalizie kusukwa," akasema.

"Na huu unga?"

"Nitafagia."

"Lini? Kesho?"

"Leo."

Mama Chiku akamgusa paji la uso. Hakuwa na homa. Akabaki kasimama pale mlangoni, nusu kichwa kimesukwa, asijue acheke au aite watu.

Chiku naye alikuwa na shughuli zake. Alimvuta babake sikio la kulia, akatia kidole, akachimba kwa utulivu wa mtu anayejua alipoweka kitu chake, akatoa kipande cha biskuti kilicholowana. Akakikagua, akakitia mdomoni. Kisha akalishika tena lile sikio, kwa mkono mzima, na kumkazia mamake macho.

"Angu," akasema.